Unatumia sheli gani? Usijibu haraka

Stori ya wiki hii hapa chuo ni asaimenti ya skripti. Kila kikundi utasikia "mbona kwangu imekubali, kwake imegoma?" Ugomvi mwingi ungeisha kama kila mtu angejua sheli yake. (Siyo sheli ya mafuta jamani, ni ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali.)

Watu wanaandika echo $SHELL, ikija /bin/bash wanatulia. Hiyo ni sheli uliyoandikishwa nayo kwenye akaunti, siyo lazima ndiyo unayoongea nayo sasa hivi. Fungua zsh ndani ya bash halafu uliza tena, jibu ni lile lile! Andika ps -p $$, hapo itajitaja yenyewe.

Kwenye Ubuntu kuna mtego zaidi. Wewe unachapa kwenye bash, ila /bin/sh tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 ni dash, maana ni nyepesi na kompyuta inawaka haraka. Dash haijui mabano ya [[ ]]. Sasa mshkaji anaandika sh kazi.sh kwa mazoea tu. Hata kama mstari wa kwanza umetaja bash, haumsaidii kitu, skripti inagoma. Kwenye Mac amri hiyo hiyo inapita, kwa sababu sh ya kule ni bash iliyovaa jina lingine.

Wenye Mac nanyi msicheke. Tangu Catalina ya 2019 akaunti mpya zinapewa zsh, na bash iliyobaki humo ni 3.2, ya mwaka 2006. Kibaya zaidi, kwenye orodha bash inahesabu kuanzia 0, zsh kuanzia 1. Majina yanaruka na hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja, unakuja kushtuka maksi zimeshakatwa.

Ndio maana nasema karatasi ya asaimenti ikiandika "tengeneza skripti" tu, haijatutendea haki. Itaje sheli, itaje na amri itakayotumika kusahihisha. Kumkata mtu maksi kwa kitu ambacho hakuambiwa ni uonevu.

Kikundi chetu tumeshakubaliana: #!/bin/bash juu kabisa, chmod +x, halafu ./kazi.sh. Atakayeleta habari za sh anarudishiwa kazi yake. Kukusanya ni Ijumaa, wadau, kajaribuni kwenye mashine za maabara kwanza.