Kabla ya dirisha kubwa, nionyesheni mlango

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, South Beach ni yetu sisi watu wa baiskeli. Unashuka na lifti ya gorofa, baiskeli imesimama kwa gurudumu moja kama mbwa anayeomba mfupa, unavuka barabara, halafu mbele yako una kilomita kadhaa za njia ya baharini mpaka Blue Lagoon, bila gari hata moja. Wazazi wangu walitoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nikazaliwa hapa. Baiskeli nilijifunzia kwenye njia hiyohiyo.

Shida inaanza njia hiyo inapoisha.

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliongea juu ya vijumba vidogo vya wasafiri wa baiskeli, vile vya kujengwa porini, njiani kwenda Drakensberg. Mimi ni msanifu majengo, kwa hiyo mlinitumia picha. Asanteni. Karibu zote ni kitu kimoja: ukuta mzima wa kioo, kitanda kinachotazama bonde, kikombe cha kahawa. Ni nzuri, sikatai. Ila mchoraji amejiuliza mgeni ataona nini asubuhi. Hajajiuliza atalalaje usiku.

Niwaambie kwa nini hilo linaniuma. Miaka miwili iliyopita mimi na rafiki yangu tulipanda na barabara ya zamani ya Pietermaritzburg, ile ya mbio za Comrades, tukipita Valley of a Thousand Hills. Jioni tukapiga hema pembeni ya shamba, mahali tulipodhani panaruhusiwa. Saa nne usiku, tochi usoni. Wanaume watatu na bakkie. Hawakuuliza tunatoka wapi na baiskeli. Waliuliza makaratasi. Mimi nina kitambulisho cha hapa, mwenzangu ana karatasi ya ukimbizi, na Kizulu chake kinamsaliti kwenye neno la kwanza. Tukakunja hema, tukaendesha gizani kwenye ukingo wa barabara mpaka kituo cha mafuta. Nilipomsimulia mama akasema tu, "Unaenda kulala mu pori na nyumba iko hapa?" Mama aliishi Durban ile Aprili ya 2015, watu walipofukuzwa majumbani mwao. Siwezi kumcheka.

Ndiyo maana, kwangu mimi, kijumba kinaanzia kwenye mlango. Mlango wa kawaida wa nyumba za hapa una upana wa sentimita 81. Usukani wa baiskeli ya milimani unafika 78, na bado hujafunga mifuko ya pembeni. Kwa hiyo weka 95, na komeo linalofungwa kwa ndani. Baiskeli ilale ndani na mwenyewe. Ukiiacha nje, ikibaki ni umande, ikiondoka ni safari imekwisha. Mita za mraba kumi zinatosha watu wawili, baiskeli mbili na kamba ya kuanikia nguo.

Mbao zipo. Vilima vya KwaZulu-Natal vimejaa miwati, miti ya Australia iliyoletwa kwa ajili ya maganda ya kutengenezea ngozi, ikatoroka mashambani na sasa inakunywa maji ya mito. Tangu 1995 serikali ina mpango wa kuing'oa, Working for Water. Jenga na hiyo, badala ya kununua mbao za kusafirishwa. Na usimwage zege: inua sakafu juu ya nguzo. Waliouona mteremko ukitembea kwenye mafuriko ya Aprili 2022 hawahitaji maelezo zaidi.

Maji ni hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya bati ni lita moja. Paa la mita kumi na mbili, mvua ya milimita ishirini, umepata lita 240 kasoro kidogo. Ila kipindi cha Juni mpaka Agosti, huko juu ni kukavu kabisa, hivyo tangi liwe kubwa kuliko unavyodhani.

Choo sasa. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Mnaposifia choo kikavu kama uvumbuzi wa watalii wa Ulaya, mnasahau kwamba manispaa yetu, eThekwini, ilijenga makumi ya maelfu ya vyoo vya aina hiyo, vya kutenganisha mkojo na kinyesi, baada ya kipindupindu cha mwaka 2000. Vilipelekwa kwa watu wa pembezoni, na wengi wao hawakuvipenda. Waliona wamepewa choo cha maskini huku wenzao wa mjini wakivuta maji. Leo choo kilekile kikiwekwa kwenye kijumba cha mgeni, kinaitwa rafiki wa mazingira na bei inapanda. Nakitaka, kinafanya kazi. Ila jirani wa kijumba asije akaona mgeni ana choo kizuri kuliko chake.

Jirani huyo ndiye tulibishana naye, au tuseme juu yake, kipindi kizima. Mwenzangu anataka namba ya siri inayokuja kwenye simu. Mimi napenda zaidi mfano wa Norway, ambako chama chao cha matembezi, DNT, kilichoanza 1868, kina vijumba zaidi ya 500, na ufunguo mmoja unafungua vingi visivyo na mhudumu. Lakini hata ufunguo huo hauwezi kumwambia mtu mwenye tochi kwamba mimi si mwizi. Mama wa nyumba ya jirani anaweza. Yeye akae na ufunguo, apate sehemu ya pesa, auze mayai akitaka, na tukifika ajue majina yetu. Sehemu kubwa ya ardhi huko iko chini ya Ingonyama Trust, kwa hiyo bila kuongea na induna na familia zilizopo, hakuna kijumba hata hivyo.

Mwenzangu anasema hiyo ni kazi ya miezi mingi, namba ya siri ni ya dakika tano. Kweli. Mwezi ujao tunapanda tena Botha's Hill, safari hii bila hema, na mchoro kwenye mfuko wa pembeni. Mama kasema tubebe sukari na majani ya chai, mtu haendi kwa watu mikono mitupu.