Tafsiri za hati za Kiarabu zisogezwe wilayani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu taabu wanayoipata wananchi wa vijijini wanapotakiwa kupeleka serikalini tafsiri iliyothibitishwa ya hati za Kiarabu.

Hapa Mbesa, wilayani Tunduru, hati hizo si ngeni tena. Wapo ndugu zetu wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kutafuta kazi. Wanaporudi, au Mungu anapowachukua wakiwa huko, nyuma yao huja karatasi za Kiarabu: cheti cha ndoa, cha talaka, cha kuzaliwa mtoto au cha kifo. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa madrasa, wengi hubisha hodi kwangu kwanza.

Hivi karibuni alinijia mama mmoja mjane ambaye mumewe alifariki Muscat. Alikuwa anafungua mirathi. Ofisi moja ya umma ilimwambia alete tafsiri ya cheti cha kifo yenye muhuri, lakini haikumwambia muhuri wa nani. Mama akapanda gari hadi mjini kwa wakili, akagongewa muhuri kwenye nakala. Ofisi ikaikataa, kwa maelezo kwamba muhuri ule unathibitisha nakala kuwa sawa na hati yenyewe, wala hauthibitishi tafsiri. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini kwa nini hakuelezwa siku ya kwanza? Safari ya tatu akaambiwa aende Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 700 kutoka Tunduru mjini. Wakati huo mirathi imesimama, mikorosho ya marehemu inavunwa na watu wengine, na watoto wanne wanamtazama yeye.

Ndugu Mhariri, sipingi tafsiri kuthibitishwa. Kusoma herufi za Kiarabu ni jambo moja, kutafsiri hati ya serikali ni jambo jingine. Katika Kiarabu shahada ni cheti cha aina yoyote, hata cha kifo, lakini kwetu Waswahili ni cheti cha chuo kikuu au ni kalima ya dini. Hati yenye neno wakala kwa Kiarabu ni hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukutendea jambo, wala si mtu mwenyewe kama tunavyosema sisi. Anayebahatisha maneno ya namna hii anaweza kumpotezea mtu haki yake. Kwa hiyo siombi sisi walimu wa madrasa tugawiwe mihuri.

Yako pia matatizo ya majina. Kiarabu kina herufi 28, na ndani yake hamna p wala ch, tena irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. Mapunda aliyeondoka Songea huweza kurudi katika karatasi akiwa Mabunda, na Chande akawa Shandi. Tarehe nazo, zikiwa za Hijria, zinahitaji kugeuzwa kwa uangalifu, kwa sababu mwaka 1445 ulianza Julai 2023 na kuisha Julai 2024. Mtafsiri anayejua kazi yake hutazama pasipoti, akaandika jina kama lilivyo humo, kisha akaeleza tofauti hiyo chini ya tafsiri. Mtafsiri asiyejua humfanya marehemu kuwa mtu mwingine, na mjane akaanza safari upya.

Chombo cha kazi hii tunacho. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, hufanya tafsiri na kuzithibitisha. Tena tangu mwaka 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Je, itafaa nini haki kutamkwa kwa Kiswahili iwapo karatasi ya kuidai imekwama katika lugha nyingine?

Kwa hiyo naomba wahusika wayafikirie mambo matatu. Kwanza, kila mahakama na kila ofisi ya wilaya ibandike ukutani orodha ya watafsiri wanaotambuliwa pamoja na malipo yao. Vishoka wa mjini wanaogonga mihuri ya kuchonga hupata riziki kwa sababu mwananchi hajui aende wapi. Pili, ofisi inayodai tafsiri impe mwananchi maelezo kwa maandishi: lugha gani, muhuri wa nani, nakala ngapi. Tatu, wilaya ipokee hati, iithibitishe nakala yake, kisha iitume yenyewe kwa mtafsiri kwa njia ya Posta. Hati yenyewe ibaki mkononi mwa mwenye nayo, kwa maana ikipotea njiani hatapata nyingine kwa urahisi.

Wengine watasema kwamba hati za Kiarabu ni chache, hivyo hakuna haja ya kuweka utaratibu kwa ajili ya watu wachache. Nawajibu kwamba uchache huo ndio unaoifanya kazi iwe nyepesi. Bahasha moja kwa mwezi kutoka Tunduru haiwezi kuielemea serikali, lakini safari moja ya Dar es Salaam humaliza fedha za korosho za mjane za msimu mzima.

Serikali imekwisha kusogeza huduma nyingi karibu na wananchi. Na hii nayo isogezwe, maana karatasi ni nyepesi kusafiri kuliko mama mwenye watoto wanne.

Mwalimu wa Madrasa,
Mbesa, Tunduru,
Ruvuma.