MIONZI YA TUMBO, SEHEMU YA 3: "USIPUMUE!" SIYO MAELEZO

Mama zangu, leo nawasema wenzangu wa kazi, ila nyie ndio mnaopaswa kusikia.

Mgonjwa wa saratani ya ini au kongosho analazwa kwenye siti skani ya kupangia mionzi. Spika inapiga kelele: "Usipumue!" Basi, hayo ndiyo maelezo. Anashtuka, anavuta hewa kubwa kuliko siku zote, mwili mzima umekaza. Baadaye tunaandika "mgonjwa hatoi ushirikiano". Jamani!

Tumbo halitulii hata ukilala kimya. Ukivuta pumzi, ule msuli ulio chini ya mapafu unashuka na kusukuma ini. Kwa pumzi ya kawaida tu linaweza kusogea sentimita 1 hadi 2. Sasa ini likipigwa picha mahali ambapo siku za tiba halitakuwepo, mionzi inaweza kukosa sehemu ya uvimbe ikachoma utumbo au figo. Na picha hiyo ndiyo inayopangia matibabu.

Kwa hiyo msikubali kuharakishwa. Ulizeni kabla: atabana pumzi akiwa amevuta hewa au ameitoa? Sekunde ngapi? Atafungwa mkanda wa tumbo? Asiyeweza kubana (wazee wengi, na wenye kikohozi) aseme mapema, mashine nyingine zinapiga picha huku anapumua kawaida. Mkishaelekezwa, afanye mazoezi nyumbani, mtoto amhesabie sekunde.

Na wenzangu msiniambie hakuna muda. Dakika 10 za kuchati mbona tunazipata?