Namba imepanda, je mtu?

Najua mko bize na koswek, na wengine mnahesabu siku za boom. Leo naomba niache habari za foleni ya kafeteria. Nina jambo limenikaba kooni: hii tabia ya kutibu karatasi ya maabara badala ya kumtibu mtu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mishipa midogo ya damu. Damu yake ina kingamwili zinazoitwa ANCA. Badala ya kupigana na vijidudu, hizi zinachokoza chembe nyeupe za mwili wenyewe, nazo zikichachamaa zinaharibu mishipa ya mapafu, figo, hata pua.

Alikuwa ametulia kabisa. Mkojo hauna damu wala protini, figo safi, anapika na kucheka. Ghafla ANCA ikapanda. Basi! Hospitali moja (siitaji) wakampandishia dozi ya steroidi siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Wiki chache baadaye uso umevimba, sukari iko juu, na nimonia ikamlaza kitandani.

Jamani, huo ni woga wa namba tu!

Sikatai kipimo. Kingamwili hizi zilielezwa Australia mwaka 1982, na mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi na Denmark wakazihusisha na ugonjwa uliokuwa ukiitwa wa Wegener. Tangu hapo zimesaidia sana kuutambua ugonjwa mapema. Lakini kutambua ni kitu kimoja, kufuatilia ni kingine.

Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 156. Kati ya wale ambao namba ilipanda, kama 40% tu ndio ugonjwa uliwarudia ndani ya mwaka mmoja. Wengi wao haukuwarudia! Na mwaka 2021 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kikashauri kwamba dawa zisibadilishwe kwa kuangalia ANCA peke yake.

Najua kuna atakayesema bora kuwahi, figo ikifa haifufuki. Hoja nzito hiyo, na kwa mgonjwa ambaye figo zake zilishawahi kuguswa, namba kupanda kuna uzito zaidi. Ila kuwahi maana yake ni kumwita haraka, kupima mkojo na kreatinini, kusikiliza kifua, kumuuliza kama anatoka damu puani. Dawa zenyewe zinashusha kinga, na maambukizi nayo yanaua. Tena kuna wagonjwa ambao ugonjwa hurudi bila ANCA kupanda hata kidogo. Anayeangalia namba tu atamwambia huyo "uko safi, nenda nyumbani" huku figo zinaungua.

Sisi wa ualimu tunalijua hili. Kwenye upimaji na tathmini tunafundishwa kila siku kwamba jaribio moja halimwelezi mwanafunzi mzima. Mtu akipata 38 kwenye tesiti moja, humdiskoi. Unamwita, unaangalia daftari lake, unampima tena. Iweje mwenye figo apewe hukumu ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapewi?

Kwa hiyo kama una ndugu mwenye ugonjwa huu, siku namba ikipanda usikae kimya kwa heshima. Muulize daktari: mkojo unasemaje? Kipimo kimefanyika maabara ile ile na kwa njia ile ile? Na mgonjwa mwenyewe anasemaje? Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, tafuta mwingine.

Dada ametoka wodini juzi, bado anapumua kwa shida akipanda ngazi. Mnaosoma udaktari humu, nawasubiri kwenye maoni, mje tubishane. Mimi nakimbilia semina ya saa kumi.

Baadaye wadau.