Tuijue Nchi Yetu: Kijiji cha Itanda na Maporomoko Yake

Mgeni aendaye Itanda huusikia mto kabla ya kuuona. Barabara ya udongo mwekundu itokayo Jinja kuelekea kaskazini, upande wa mashariki wa mto Naili, hupita katikati ya migomba, mibuni na mahindi katika eneo la Budondo. Msafiri akishakwenda karibu kilometa 30 huanza kusikia mvumo mfano wa mvua kubwa inayokaribia, ilhali jua linawaka. Wenyeji wameuzoea mvumo huo, nao huzungumza juu yake pasipo kupaza sauti. Mgeni ndiye asimamaye njiani na kutega sikio.

Wananchi wengi wa Uganda huliona jina la Naili katika vitabu vya shule, lakini ni wachache waliopata kwenda kuutazama mto huo kwa miguu yao. Hudhaniwa kuwa kutembelea mahali pa namna hiyo ni kazi ya watalii wa ng'ambo. Dhana hiyo haifai. Safari ya Itanda yaweza kufanywa na baba, mama na watoto wao kwa siku mbili, tena bila gharama kubwa, na kila kituo cha njiani kina somo lake.

Kutoka Jinja

Yafaa safari ianzie Jinja, pale ziwa Viktoria linapoutoa mto ambao wenyeji wa Busoga na Buganda waliuita Kiyira tangu zamani. Mnamo tarehe 28 Julai, 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo akayapa maporomoko aliyoyakuta jina la Ripon. Mnara wa kumbukumbu yake umesimama ng'ambo ya magharibi. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa katika maji hayo hayo, na leo iko sanamu yake ukingoni.

Lakini mtoto akiuliza, "Maporomoko yenyewe yako wapi?" mzazi hana budi kumjibu kuwa hayapo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maporomoko ya Ripon na ya Owen yakatoweka. Nchi ilipata umeme wa kuendesha viwanda vya Jinja, na hiyo ni neema isiyokanika. Hata hivyo hilo ndilo lililokuwa la kwanza kupotea.

Bujagali

Kiasi cha mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini, msafiri hufika Bujagali. Wazee wa hapo husimulia habari za maji yaliyoshuka ngazi kwa ngazi kati ya visiwa vya mawe, na habari za vijana waliojitupa humo wakiwa wamekumbatia madumu matupu ya plastiki, wakapita katikati ya povu na kuibukia chini salama ili wapewe fedha na watazamaji. Wapo waliokufa katika kazi hiyo, lakini wengi waliendesha nyumba zao kwayo.

Sasa mahali hapo pana ziwa tulivu. Bwawa la Bujagali, lenye nguvu ya megawati 250, lilianza kujazwa maji mwaka 2011 na kuzinduliwa rasmi Oktoba 2012. Kwa imani ya Wasoga, maporomoko yale yalikuwa makao ya roho iitwayo Budhagaali. Ibada zilifanywa kabla ya ujenzi ili makao yahamishwe, lakini wapo walioshikilia kuwa roho haihamishwi kama mzigo. Iwe mtu anaamini hayo au haamini, akikaa ukingoni jioni na kuyatazama maji yaliyonyamaza, ataelewa kwa nini wazee husema juu ya Bujagali kama wasemavyo juu ya marehemu.

Mahali hapa panafaa kwa kulala usiku mmoja. Ndege wa majini ni wengi: minandi hukausha mabawa yao juu ya miti iliyokufa majini, na furukombe hulia asubuhi kutoka vileleni. Mwenye kupenda kutembea aweza kufuata vijia vya wavuvi na vya wachota maji.

Itanda

Siku ya pili ndiyo ya Itanda. Kijiji chenyewe ni cha wakulima. Nyumba zimetawanyika kati ya mashamba, na mbele ya nyumba nyingi kahawa huanikwa juani. Kutoka njia kuu kijia hushuka taratibu, majani yanazidi kuwa mabichi, kisha ghafla miti huachana na mto huonekana wote.

Hapo mto hujibana na kuanguka juu ya majabali meusi. Maji hayaanguki kutoka juu kama kwenye genge. Hukimbia kwa mteremko, yakipanda na kujikunja, yakirudi nyuma na kujigonga yenyewe, hata mawe ya ukingoni hutetemeka. Wale wapitao mtoni kwa boti za mpira, mchezo ulioanza huku katika miaka ya 1990, huyahesabu maporomoko haya katika daraja la sita, ambalo ndilo la juu kabisa. Wafikapo hapa hushuka, wakabeba boti zao mabegani na kupita nchi kavu.

Karibu na maji pana miti na mawe yanayoheshimiwa kwa matambiko. Mgeni asiguse kitu pale wala asipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Ni vema amwombe kijana wa kijijini amwongoze na kumlipa haki yake, kwani kijana huyo ajua jiwe gani ni la kukanyaga, na fedha ile hubaki kijijini.

Ng'ambo ya pili

Upande wa magharibi, mkabala wa Itanda, yapo maporomoko ya Kalagala. Mtu asijaribu kuvuka kwa mtumbwi karibu na hapo. Njia salama ni kurudi Jinja, kuvuka daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, kisha kufuata barabara ya Kayunga hadi Kangulumira, nchi ya mananasi matamu. Msafiri atayanunua barabarani na kuyala chini ya mti akiutazama mto ule ule kwa upande mwingine.

Maporomoko haya yamebaki kwa sababu ya ahadi. Mwaka 2007, bwawa la Bujagali lilipokuwa likitafutiwa fedha, serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba Kalagala itahifadhiwa kwa ajili ya mazingira na utalii, iwe badala ya kile kitakachozamishwa. Lakini bwawa la Isimba lilipozinduliwa mwaka 2019 kwa megawati 183, baadhi ya mikondo ya kasi iliyokuwa chini ya Itanda ilikuwa imekwisha kumezwa na maji yake. Mwenye kutembea ukingoni kufuata mto uendako huona waziwazi mahali sauti inapokoma.

Mashauri kwa wasafiri

Viatu viwe vya kushika vizuri, kwani mawe huteleza. Watoto washikwe mikono wakati wote. Maji hupanda na kushuka kufuatana na yanayoachiwa katika mabwawa ya juu, kwa hiyo jiwe lililo kavu asubuhi laweza kuzama mchana. Kuoga penye maji yaliyotulia kuna hatari ya kichocho. Maji ya kunywa yachukuliwe kutoka nyumbani yakiwa yamechemshwa. Chakula chepesi chatosha: viazi, mayai, ndizi za kuchoma na chapati. Takataka zirudi na mwenyewe. Wenye mashamba nao wakumbuke kuwa kanuni za mwaka 2000 zimetenga meta 100 za ukingo wa Naili zisilimwe, maana udongo usio na miti huishia mtoni.

Hapana mtu mwenye busara atakayeipinga taa inayomwezesha mtoto kusoma usiku. Nyumba nyingi za vijiji hivi zilikaa gizani miaka mingi huku nyaya za umeme zikipita juu yao, na haki yao ya kupata mwanga ni kubwa kuliko hamu ya mtazamaji. Lakini Ripon ilikwenda, Owen ikaifuata, kisha Bujagali. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Wazazi wa leo waweza bado kuwapeleka watoto wao Itanda na kuwaambia wasikilize. Ahadi iliyotolewa juu ya maji hayo italindwa vema zaidi na wale waliokwisha kuyaona.