Wacheni kuwaambia Wamarekani Weusi kwamba hawana kwao

Ukitambulishwa kwa mzee hapa Kenya, jina la kwanza halimtoshi. Atataka la pili, kisha la tatu, halafu akuulize, "Na ocha ni wapi?" Ukishamjibu ndipo anatulia. Sasa nikwambie kitu: ukienda Mississippi, Alabama ama Georgia, mzee wa huko atakufanyia vivyo hivyo. Hata kabla ya kuuliza unafanya kazi gani, atataka kujua watu wenu ni akina nani, mnasali kanisa gani na wazee wenu wamezikwa wapi. Kule Kusini mwa Marekani, ukoo na mahali ni mambo mazito kama huku kwetu.

Ndiyo maana naudhika nikisikia kijana Mkenya akimdharau Mmarekani Mweusi ati "huyo hana kwao". Umeisikia hiyo, na pengine hata wewe umewahi kuisema. Tunacheka wakipima DNA, tunacheka wakivaa kitenge, halafu tunawaambia walipotea. Mimi nakuomba uache. Si suala la adabu pekee. Maneno hayo si ya kweli.

Tuanze na hesabu. Watafiti wa safari za meli za watumwa wanakadiria kwamba Waafrika takriban 388,000 ndio waliofikishwa moja kwa moja Amerika Kaskazini, wengi wakitoka Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo mwaka wa 1808. Hata hivyo, sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4. Maana yake ni kwamba walio wengi walizaliwa pale pale. Kuna familia ambazo tayari zilikuwa zimekaa Virginia ama South Carolina vizazi vinne, vitano. Hao wamekuwa Wamarekani kwa muda mrefu kuliko mamilioni ya wazungu ambao babu zao walishuka meli New York miaka ya 1890 na baadaye. Mbona hao wazungu hatuwaambii hawana kwao?

Ukoo wanao. Kilichokosekana ni karatasi. Katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliandikwa kwenye orodha yao tofauti: umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye kuwamiliki. Majina yao hayakuandikwa, isipokuwa wachache sana. Sensa ya kwanza ya taifa iliyowaandika kwa majina kama watu wengine ilikuwa ya 1870, miaka mitano baada ya utumwa kukomeshwa. Wanaotafuta asili zao wanaiita ukuta. Anayetaka kuuvuka analazimika kusoma wosia, hati za mauzo na orodha za mali za waliowamiliki wazee wake. Hebu fikiria unamtafuta nyanya yako, na jina lake unalipata kati ya nyumbu na majembe, pembeni limewekewa bei.

Na bado wapo waliovuka. Mwaka wa 1838, mapadri Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 wakapelekwa mashamba ya Louisiana, na sehemu ya pesa hizo ikasaidia kulipa madeni ya Chuo cha Georgetown. Lakini kulikuwa na majina, na kulikuwa na kumbukumbu za ubatizo. Kwa hizo, wazao wao wamepatikana, wengi katika mji mdogo wa Maringouin, Louisiana, wakiwa bado Wakatoliki.

Kisha kuna meli ya Clotilda, iliyoingiza Waafrika wapatao 110 Mobile, Alabama mwaka wa 1860, zaidi ya miaka 50 baada ya marufuku. Wenye meli waliichoma moto kuficha ushahidi. Watu wale walipokombolewa walikosa nauli ya kurudi kwao, wakajinunulia ardhi na kujenga mtaa wao, Africatown. Mabaki ya meli yalithibitishwa mwaka wa 2019. Kwa zaidi ya miaka 100 kuna watu waliodhani hiyo ni hadithi tu. Wazao wao walikuwa wanajua muda wote.

Kuna pia Wagullah Geechee wa visiwa vya pwani ya Georgia na South Carolina. Mapema miaka ya 1930, mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alimrekodi mama mmoja wa Georgia, Amelia Dawley, akiimba wimbo ambao maana yake hakuijua. Ulikuwa wa Kimende. Mwaka wa 1997 bintiye, Mary Moran, alisafiri hadi Sierra Leone akakutana na mwanamke aliyeujua wimbo huo. Ulikuwa wimbo wa mazishi. Huyo utamwambiaje kwamba hana kwao?

Tugeukie wazungu wa Kusini, maana nao wana yao. Tangu 1980 Ofisi ya Sensa imekuwa ikiuliza watu asili yao. Kule Kentucky na Tennessee, wengi hujibu tu "Mmarekani". Mwaka wa 2000 waliojibu hivyo nchini kote walikuwa zaidi ya milioni 20. Baadhi ni wazao wa watu waliotoka Ulster, Ireland, miaka ya 1700, na muda umepita mpaka wamesahau. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kuchagua babu kama mtu anayechagua nguo Gikomba. Familia inasimulia kwamba nyanya wa nyanya alikuwa binti mfalme wa Wacherokee, ilhali Wacherokee hawakuwa na mabinti wafalme, na walio wengi walifukuzwa kwa nguvu kwenda magharibi mwaka wa 1838, maelfu wakafa. Familia nyingine inamtukuza babu aliyepigania majimbo ya Kusini na kumjengea sanamu mbele ya mahakama, ila vita vile vilitetea nini, haisemi.

Na wale ndugu wa damu waliozaliwa upande wa pili wa ua? Hao hawatajwi. Vipimo vya DNA vya mwaka wa 1998 viliwafanya wanahistoria wengi kukubali kwamba Rais Thomas Jefferson alizaa na mtumwa wake, Sally Hemings. Familia ya Hemings ilikuwa imelisema hilo tangu zamani.

Sisi nasi tusijifanye watakatifu. Barack Obama aliposhinda mwaka wa 2008, tulipewa likizo nchi nzima, na Kogelo ikajaa wageni. Tulisema huyu ni wetu. Sawa. Lakini mkewe tulimwona kama mtu asiye na ocha. Anayo. Babu wa babu yake, Jim Robinson, alikuwa mtumwa katika shamba la mpunga la Friendfield, South Carolina, na hadi leo ana jamaa eneo hilo. Kati ya 1910 na 1970, Weusi wapatao milioni 6 walihama Kusini kwenda Chicago, Detroit na kwingineko. Na familia zao hurudi majira ya joto, fulana zina jina la ukoo, wanachoma nyama na kutembelea makaburi. Sisi hufanya hivyo Disemba.

Utaniambia, "Lakini wao wenyewe ndio wanaotafuta Afrika." Ni kweli, hasa tangu Alex Haley alipochapisha kitabu chake, Roots, mwaka wa 1976. Lakini kutafuta kwenu kwa kwanza hakufuti kwenu kwa sasa. Kijana aliyezaliwa Kayole anaweza kumtafuta babu yake Vihiga na abaki mtu wa Kayole.

Kauli hiyo ina madhara. Familia nyingi za Weusi Kusini zinamiliki shamba la urithi lisilo na hati ya jina la mtu mmoja, mambo unayoyajua ikiwa kwenu kuna kesi ya mirathi. Mrithi mmoja akiuza sehemu yake, mnunuzi anaweza kwenda kortini na shamba lote likapigwa mnada. Ardhi nyingi imeenda hivyo. Katika kisiwa cha Sapelo, Georgia, jamii ya Hogg Hummock ilikuwa ingali inapigania ardhi yake mwaka wa 2023, baada ya kaunti kulegeza sheria ili nyumba kubwa zaidi zijengwe. Ukimwambia mtu wa Sapelo kwamba hana kwao, unamsaidia anayeitaka ardhi ile.

Kwa hivyo siku utakapokutana na Mmarekani Mweusi, Nairobi ama Atlanta, usianze na Afrika. Muulize kama mzee wetu angeuliza: watu wenu ni wa wapi? Kisha mwache aongee. Pengine atakutajia mto, kanisa na jina la nyanya yake.