Alama za Kuazima na Miche Yetu



Mkarafuu humngojesha mkulima miaka 6 au zaidi kabla ya kuchumwa. Mtu akiuziwa mche usiotoka katika mti mama alioutaka, hulijua kosa akiwa amekwisha palilia kwa miaka mingi. Ndiyo sababu twaunga mkono miche ipimwe asili yake katika maabara. Lakini wapo wasemao ya kwamba kazi hiyo haiwezekani mpaka mkarafuu utafutiwe alama zake wenyewe. Hayo hatuyakubali, na ushahidi wetu uko Kigoma.

Ukipanda mashua Kibirizi, ukafuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, utafika Gombe kwenye sokwe. Mama wa mtoto hujulikana, maana ndiye amnyonyeshaye. Baba hajulikani kwa macho. Mwaka 1994 wataalamu walitangaza habari za udugu wa sokwe hao kwa kupima nywele zao, na mwaka 2001 wakatangazwa baba za watoto kwa kupima hata kinyesi. Alama zilizotumika zilikuwa zimetafutwa kwa ajili ya wanadamu!

Yawezekanaje? Katika urithi wa kila kiumbe mna mahali ambapo herufi chache hurudiwa, kwa huyu mara 12, kwa yule mara 15. Hizo ndizo maikrosatelaiti. Kando yake, huku na huku, mna maandiko yasiyobadilika upesi, na hapo ndipo kipimo hushika. Jamaa wa karibu wana maandiko yanayofanana, basi kipimo cha mmoja humfaa mwenzake. Ujamaa ukiwa wa mbali, alama nyingi hukataa.

Mkarafuu nao una jamaa zake: mzambarau ulio karibu kabisa, kisha mpera na mkaratusi. Alama zao na ziazimwe.

Ila alama ya kuazima ina hila. Yaweza kushika nakala moja ya urithi na kuikosa ya pili. Hapo mti mama wa kweli huonekana si mama, na mwenye kitalu mwaminifu huitwa mwongo. Kwa hiyo twashika sharti moja: kabla ya mche wa mtu yeyote kukataliwa, kila alama ijaribiwe kwanza kwa mikarafuu yetu ambayo mama na miche yake twaijua kwa hakika.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yetu tuijaribu nyumbani kwanza, ndipo tutoke nayo.